Hitilafu ya Saa 26 na Nusu

Hotuba kwa wanafunzi wa kompyuta na mafundi mitambo wa redio na televisheni, Dodoma

Walimu wangu na wakubwa wote mliopo, shikamooni. Wanafunzi na mafundi wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kurekebisha hitilafu na kuongeza kasi katika programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzirekebisha, za sauti na video. Ningeweza kuanza na kompyuta, lakini nitaanza na daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, limechanika pembeni, linalotumika kuandikia zamu kwenye kituo kimoja kidogo cha utangazaji. Kituo kile kilikuwa kinapeleka picha na sauti kutoka studio hadi mnarani kwa kompyuta mbili za kawaida. Ile ya mnarani ilikuwa na programu huria ndogo ya kupokea matangazo. Karibu kila siku matangazo yalikatika. Picha inaganda, sauti inakufa, mtu wa zamu anazima na kuwasha programu za studio na za mnarani kwa kama dakika tatu, mambo yanarudi sawa.

Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Wengine walisema umeme, wengine mtandao, wengine joto la kile chumba. Kompyuta ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili. Nilipofika, fundi mmoja mzee aliyekuwa zamu akanisogezea lile daftari, akaniambia: "Mwanangu, ya ndani ya kompyuta siyajui. Lakini hiki kitu kina saa yake."

Alikuwa ameandika hivi: Jumanne, saa 2:31 asubuhi. Jumatano, saa 5:05 asubuhi. Alhamisi, saa 7:39 mchana. Kila siku tatizo linasogea mbele kwa saa mbili na nusu na dakika chache. Ukiondoa zile dakika tatu za kuzima na kuwasha, unabaki na jambo moja: programu inaishi saa 26 na nusu, kisha inakufa. Umeme wa mtaa ule haukuwa na nidhamu hiyo, na joto halihesabu saa. Kitu kinachohesabu ni kihesabio, na kihesabio kimeandikwa na mtu ndani ya msimbo, yaani maagizo yanayounda programu.

Sasa naomba tukaribie tukitazame. Matangazo yale yalisafiri kwa mfumo wa MPEG-TS, ambao hukatakata picha na sauti kuwa vifurushi vya baiti 188. Picha na sauti hupigwa mihuri ya muda ili mpokeaji ajue kipi kioneshwe lini. Muhuri huo ni namba ya biti 33, yaani tarakimu 33 za sifuri na moja, na saa yake hupiga mara 90,000 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa tu: 90,000 inagawanyika sawasawa kwa 24, 25, 30, 50 na 60, kwa hiyo fremu, yaani picha moja moja za video, za mifumo mingi zinaangukia kwenye namba kamili. Ukiwa na fremu 25 kwa sekunde, kila fremu inachukua mapigo 3,600, hakuna kinachobaki. Lakini biti 33 zina mwisho wake. Zikifika 8,589,934,592 zinarudi sifuri, kama kihesabio cha kilomita cha basi kuukuu kinavyorudi sifuri baada ya 999,999. Gawanya namba hiyo kwa 90,000. Utapata sekunde 95,443 na ushee, yaani saa 26, dakika 30 na sekunde 43.

Mzee alikuwa ameipata bila kufungua faili hata moja.

Nilipofungua msimbo wenyewe nilikuta mstari ambao kwa macho hauna kosa lolote. Unasema: muhuri huu ukiwa mdogo kuliko uliotangulia, kifurushi kimechelewa, kitupe. Kwa saa 26 na nusu mstari huo unafanya kazi nzuri. Kihesabio kikirudi sifuri, kila kifurushi kinachokuja kinaonekana kimechelewa, na programu inatupa kimoja baada ya kingine kwa utiifu kabisa, huku ikiendelea kudhani iko kazini. Ndiyo maana haikuandika kosa lolote kwenye kumbukumbu zake. Kwa upande wake hapakuwa na kosa.

Marekebisho yalikuwa mistari mitatu. Muhuri mpya ukirudi nyuma kwa zaidi ya nusu ya mzunguko mzima, ujue haukuchelewa, umezunguka. Ongeza mzunguko mmoja kwenye hesabu uendelee. Basi. Mistari mitatu, na kabla yake wiki nyingi za kulaumu umeme.

Kuna swali ambalo nataka mlibebe kutoka hapa. Utajuaje kwamba mistari hiyo mitatu imeponya? Siku ya kwanza nilifanya kosa la kuwasha programu na kusubiri. Ukisubiri saa 26 kwa kila jaribio, wiki nzima unapata majaribio sita. Dawa ni kumfuata mgonjwa mahali anapougulia. Nikatengeneza faili ya majaribio ambayo mihuri yake haianzii sifuri, inaanzia 900,000 chini ya ukomo. Hayo ni mapigo ya sekunde 10. Faili nzima ina urefu wa sekunde 20. Ukiicheza kwenye programu ya zamani, sekunde ya kumi picha inaganda mbele ya macho yako, kila mara, bila kukosa. Ukiicheza kwenye iliyorekebishwa, inapita. Kilichotaka saa 26 na nusu sasa kinataka sekunde 20, na yeyote duniani anaweza kukiona.

Wengi wanadhani ufundi wetu uko kwenye kuandika yale marekebisho. Mimi naamini sehemu kubwa ya kazi, na nasema hivi baada ya miaka mingi, ni kuifanya hitilafu ionekane pale unapotaka ionekane. Ikishaonekana kwa kuitwa, mara nyingi haichukui siku kuitoa. Na anayeweza kuifanya ionekane ni yule anayekaa nayo. Waliotunga programu ile walikuwa na ujuzi kuliko mimi, ila waliijaribu dakika kumi mezani, wakaridhika. Nani ataacha kompyuta yake ikicheza picha moja saa 26? Kituo cha utangazaji. Na mzee wa zamu mwenye daftari.

Niwape nyingine, ya aina ile inayonyemelea polepole. Mtu anarekodi ibada au harusi ya saa mbili. Mwanzoni midomo na maneno vinakwenda pamoja. Kufika katikati, mchungaji amefunga mdomo na sauti bado inasema "amina". Watu huwa wanasema simu ni mbovu. Twende kwenye hesabu. Sauti ya AAC, namna moja ya kubana sauti, hufungwa katika mafungu ya sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 1,024 kila fungu. Sauti ikiwa ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kila fungu linachukua mapigo 1,920 ya ile saa ya 90,000, namba kamili. Ikiwa ni sampuli 44,100, kila fungu linachukua mapigo 2,089.796 hivi. Mwandishi wa programu akaona desimali zinamsumbua, akaandika 2,090, akaongeza 2,090 kwa kila fungu hadi mwisho wa faili. Kosa la fungu moja ni sehemu ndogo ya pigo moja. Lakini mafungu ni 43 kila sekunde, na makosa yote yanaelekea upande mmoja. Ndani ya saa moja sauti imeachwa nyuma kwa karibu theluthi moja ya sekunde.

Je, binadamu analiona hilo? Analiona. Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, lina pendekezo linaloonesha kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au inapochelewa kwa milisekunde 125 hivi. Tunavumilia zaidi sauti iliyochelewa, na sababu ni ya maumbile: mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, unaona shoka linatua kwanza ndipo unasikia mlio. Kwa hesabu yetu, milisekunde 125 zinatimia kama dakika ya 21. Kwa hiyo aliyejaribu programu hiyo kwa wimbo wa dakika nne hakuona kitu, na hakudanganya aliposema inafanya kazi. Marekebisho yake ni madogo pia: usijumlishe mafungu yaliyokwisha kukadiriwa. Hesabu sampuli zote tangu mwanzo, ndipo ugeuze kuwa mapigo mara moja, mwishoni. Kosa la kukadiria linabaki chini ya pigo moja hata faili ikiwa ya siku nzima.

Zipo hitilafu ambazo haziishii kwenye kuudhi macho. Faili ya video inatoka kwa mtu usiyemjua, na programu inaamini maneno yake. Faili ikisema picha yangu ina upana wa pikseli (nukta za picha) 32,768 na urefu wa 32,768, kila pikseli baiti nne, jibu ni 4,294,967,296. Weka hesabu hiyo kwenye namba ya biti 32 na unapata sifuri. Programu inatenga nafasi ya sifuri, kisha inaanza kumwaga picha nzima humo, juu ya vitu vingine vilivyoko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mwenye nia mbaya huingilia mlango huo. Ndiyo maana programu makini hupima ukubwa kabla ya kuzidisha.

Kazi ya kuzitafuta hizi mapema ilifanywa kwa nguvu sana kwenye FFmpeg, mradi wa programu huria za kubana na kufumbua sauti na video, ulioanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, ambao maktaba zake zimo ndani ya VLC, programu ya kuchezea video, ndani ya kivinjari cha Chrome na ndani ya programu nyingi mnazotumia bila kujua. Wahandisi wawili wa Google, Mateusz Jurczyk na Gynvael Coldwind, walikuwa wakiilisha FFmpeg faili zilizoharibiwa makusudi, baiti hapa imegeuzwa, pale imefutwa, na kutazama itaanguka wapi. Januari 2014 walieleza kwamba kwa muda wa kama miaka miwili kazi hiyo ilikuwa imezaa marekebisho zaidi ya 1,000. Elfu moja, kwenye programu iliyoandikwa na watu hodari. Nikiona mwanafunzi anaona haya kwa sababu msimbo wake una hitilafu tano, huwa namkumbusha namba hiyo.

Sasa kasi. Hapa nina maneno makali kidogo, kwa sababu nimeona vijana wengi wakipoteza miezi.

Usiongeze kasi kabla hujapima. Akili yako itakudanganya kuhusu wapi muda unapotelea. Yangu imenidanganya mara nyingi. Kwenye Linux kuna chombo kinaitwa perf. Kiache kiitazame programu yako kwa nusu dakika, kitakuambia kazi ipi inakula asilimia ngapi ya muda. Niliwahi kusaidia programu ya kugeuza rangi za video iliyokuwa inakokota miguu. Mwenyewe alikuwa na hakika kwamba hesabu za kuzidisha ndizo nzito, akatumia wiki nzima kuzipunguza. Tulipopima, hesabu zilikuwa kidogo tu. Muda wote uliishia kwenye kusubiri data itoke kwenye kumbukumbu.

Sababu ilikuwa mpangilio wa vitanzi viwili, yaani sehemu za msimbo zinazorudia kazi ileile tena na tena. Picha ya 1920 kwa 1080 hulazwa kwenye kumbukumbu mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia. Yeye alikuwa anaisoma safu kwa safu, kutoka juu kwenda chini. Prosesa nyingi za leo, ukiziomba baiti moja, huleta baiti 64 zilizokaa pamoja. Ukisoma kwa mstari unazitumia zote. Ukisoma kwenda chini unatumia moja, unaruka baiti 1,920 mbele, unaomba fungu lingine, unatumia moja tena. Ni sawa na kuchota ndoo nzima kisimani, kunywa funda moja, kumwaga iliyobaki, na kurudi kisimani. Tulibadilisha tu kipi kiwe kitanzi cha nje na kipi cha ndani. Mistari miwili ilibadilishana nafasi, na programu iliyokuwa inakata pumzi ikaanza kwenda na muda wa picha.

Kumbukeni tunazungumzia mzigo gani. Fremu moja ya ukubwa huo ina pikseli 2,073,600. Kwa mpangilio wa kawaida wa rangi za video ni baiti 3,110,400, na fremu 25 kwa sekunde ni karibu megabaiti 78 kila sekunde, baada ya kufumbuliwa. Una milisekunde 40 kumaliza fremu moja. Ukichelewa, fremu inayofuata haitakusubiri.

Baada ya kupima na kupanga data vizuri, na baada ya hapo tu, ndipo unafika kwenye lugha ya asembli, inayoipa prosesa maagizo yake moja kwa moja. Prosesa za kompyuta zetu zina maagizo ya SSE2 yanayoshika baiti 16 kwa pigo moja, na AVX2 yanayoshika 32. Za simu zina NEON, baiti 16. Badala ya kujumlisha pikseli moja moja, unajumlisha kumi na sita kwa agizo moja. Kwenye FFmpeg na kwenye dav1d kazi hii bado inaandikwa kwa mkono, na vipande vingi vya asembli vinapimwa na chombo kinachoitwa checkasm: kinalisha data ya kubahatisha kwenye asembli na kwenye msimbo wa lugha ya C unaofanya kazi ileile, na majibu yakitofautiana kwa biti moja, kipande kinakataliwa. Naipenda sana adabu hiyo. Kasi iliyokosea jibu haihesabiwi kuwa kasi.

Nimeitaja dav1d, na nisingependa kuipita haraka. Ni kisimbuzi, lakini si lile boksi la chini ya televisheni; ni programu inayofumbua video za aina ya AV1. Viwango vya AV1 vilitolewa mwaka 2018, na mwaka huohuo VideoLAN, watu walewale wa VLC, wakatoa toleo la kwanza la dav1d. AV1 hubana picha kuliko mifumo iliyoitangulia, yaani kwa ubora uleule inakula data kidogo. Hapa nyumbani kila mtu anajua maana yake: bando linachelewa kuisha. Tatizo ni kwamba simu za bei ndogo, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwa watu wetu, nyingi hazina chipu maalumu ya AV1. Kazi yote inaangukia prosesa. Kisimbuzi kikiwa kizito, picha inakwama, simu inapata moto, betri inaisha kabla ya jioni. Waandishi wa dav1d walikaa wakaandika asembli ya NEON hata kwa prosesa za zamani za biti 32. Mtu aliyeketi mbali sana na hapa ameokoa mizunguko michache ya prosesa kwenye kila kipande cha picha, na mama mmoja pale Kibaigwa anamaliza video yake simu ikiwa bado ina chaji. Nikifikiria hilo huwa napata hamu ya kurudi kwenye meza yangu.

Lakini kuna kitu mwandishi huyo hana. Hana ile simu ya mama. Hana mtandao unaoshuka na kupanda mara kumi kwa dakika, wala umeme unaokatika wakati faili ya MP4 haijafungwa. Ile faili ya harusi isiyofunguka mnaijua nyote: kamera nyingi huandika orodha ya yaliyomo, inayoitwa moov, mwisho kabisa wa kurekodi, kwa hiyo betri ikifa katikati, picha zote zipo ndani ya faili lakini hakuna ajuaye ipi inaanzia wapi. Sisi tunakutana na hayo kila wiki. Tunayazoea, tunayapa majina, na hatumwambii mtu. Hilo ndilo linaloniuma. Hitilafu inayoonekana Dodoma tu itabaki Dodoma mpaka mtu wa Dodoma aitolee ushahidi.

Ushahidi wenyewe si mgumu. Toa namba ya toleo unalotumia. Toa amri yenyewe, nzima, kama ulivyoiandika, usiieleze kwa maneno. Toa maandishi yote ambayo programu imetoa, usichague yanayokupendeza. Toa faili fupi kuliko zote inayoonesha tatizo. Kata, jaribu, kata tena, mpaka ukikata zaidi tatizo linapotea. Na kama toleo la zamani lilikuwa zima na jipya ni bovu, tumia git bisect: inachukua katikati ya mabadiliko yote, wewe unasema zima au bovu, inagawa tena. Mabadiliko 1,000 yanaisha kwa majaribio kama kumi, na mwishoni unashika badiliko moja lililoleta ugonjwa. Kwa hili huhitaji kujua asembli. Unahitaji jioni moja na uvumilivu.

Ukituma kiraka, yaani marekebisho yako kwa wenye mradi, kitarudishwa. Changu cha kwanza kilirudishwa mara tatu. Mara ya kwanza nilichanganya marekebisho mawili kwenye kiraka kimoja. Mara ya pili nilieleza nilichobadilisha bila kueleza kwa nini. Mara ya tatu niliulizwa jaribio liko wapi. Niliumia, nikadhani wananidharau. Mara ya nne niliambatanisha ile faili ya sekunde 20, na kiraka kikaingia siku hiyohiyo. FFmpeg ina mkusanyiko wa majaribio wanaouita FATE, unaocheza faili nyingi za namna hiyo ili ugonjwa uliokwisha kutibiwa usirudi kimyakimya. Miradi midogo haina utajiri huo. Faili yako fupi inaweza kuwa jaribio lao la kwanza.

Kabla ya chai naomba tufanye kitu. Ile faili ninayo kwenye flashi hii, na nimewawekea pia toleo la zamani la programu, lile bovu. Yule mzee amestaafu sasa, yuko kwao Kondoa. Juzi nilimpigia nikamwomba ruhusa nisome maneno yake ya kwenye daftari mbele yenu, akakubali. Kaeni wawili wawili, fundi mmoja na mwanafunzi mmoja. Icheze, hesabu hadi kumi, uone inavyoganda. Kisha fungua faili inayopokea vifurushi, utafute mstari unaotupa. Msiulizane jibu na meza ya jirani. Nitapita.